Fundi wa Nusu ya Chini

Mjomba alikuwa akisali jicho moja likiwa wazi. Hakuiacha tabia hiyo tangu utotoni mpaka uzeeni, iwe kanisani, mezani au kando ya kitanda cha mgonjwa. Ukimuuliza sababu, alikwambia kwamba siku moja, alipokuwa mdogo, alifumba macho yote mawili akakibariki chakula kwa moyo wake wote, na aliposema amina akakuta nyama yake imehamia kwenye sahani ya kaka yake.

"Mungu namwamini kabisa," alikuwa akisema. "Ninaowachunga ni hawa ninaokula nao."

Mpwa wake alilijua jicho hilo vizuri. Utotoni, alipoletwa kukaa kwa Mjomba wakati wa likizo, kiti chake kilikuwa mkabala nalo, na sala zikirefuka alilitolea ulimi. Mjomba hakukatiza maombi. Aliongeza tu, kwa sauti ileile ya unyenyekevu, "Na huyu mtoto anayetoa ulimi saa hizi, Bwana, umguse," kisha akaendelea kuwaombea wasafiri.

Sasa mpwa huyo alikuwa mwanamke mtu mzima, mwalimu wa chuo cha ualimu, na alikuwa amerudi kwa Mjomba kwa majuma machache kwa sababu nyumba yake mwenyewe ilikuwa na ukimya uliomshinda. Hakueleza zaidi ya hapo, na Mjomba hakumchimba. Alimfungulia chumba chake cha zamani, akapangusa dirisha kwa kiwiko, akasema, "Mswaki wako wa utotoni tuliutupa. Mengine yote yapo."

Kazi ya Mjomba ilikuwa kupaka rangi. Lakini ukimwita fundi rangi ukaishia hapo, umetia chumvi. Alipaka nusu ya chini. Shule, zahanati na ofisi nyingi hupakwa rangi mbili: chini hupakwa rangi ya mafuta iliyokoza, inayofutika watu wakiegemea na watoto wakipiga mateke, na juu hupakwa rangi ya maji, nyeupe au ya maziwa. Katikati hupita mstari mmoja ulionyooka. Kuanzia kwenye mstari kushuka chini, hiyo ilikuwa himaya ya Mjomba. Kuanzia kwenye mstari kupanda mpaka dari, ilikuwa ya Shemeji.

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa Mjomba, na aliishi kwenye chumba cha uani. Kwa kuwa Mjomba alimwita Shemeji kutwa nzima, na kwa sauti ya mtu anayeita ndani ya ukumbi mtupu, jina lilisambaa. Watoto wa jirani walimwita Shemeji. Muuza duka alimwita Shemeji. Hata mchungaji alimwita Shemeji, ingawa hapakuwa na undugu wa ndoa kati yao wala mipango ya kuuanzisha.

Watu walidhani mgawanyo ule ni wa kiutaalamu. Walisema rangi ya mafuta inataka mkono mzito na rangi ya maji inataka mkono mwepesi, ndiyo maana mafundi ni wawili. Mjomba hakuwasahihisha. Ukweli ulijulikana nyumbani tu: Mjomba alikuwa haendi juu. Kigoda kilimtosha kumtia kizunguzungu. Taa ikiungua sebuleni, mkewe ndiye aliyepanda mezani, na Mjomba akaikumbatia meza kwa mikono miwili, kichwa chini, akihema, kama vile anayepanda ni yeye.

Kilichofanya jambo hilo liwe zito ni kwamba alikuwa mzee wa kanisa, na tena mzee wa kanisa anayesifika kwa kuwatia watu moyo. Mwenye kesi mahakamani alimfuata amwombee. Mwanafunzi wa mtihani alimfuata. Mama mmoja aliyeogopa kumwambia mkwewe kwamba ugeni umetosha, naye alimfuata, akaombewa, akaenda kusema, na mkwe akaondoka na kuku wake wote. Mjomba aliwashika watu mabega akawaambia wasiogope, Bwana yupo. Ila ukigusia habari za ngazi, alikuwa na hoja zake, na hakuna aliyewahi kumshinda kwa hoja.

"Goliathi alikuwa mrefu, Daudi alikuwa mfupi," alisema. "Aliyeanguka ni nani?"

Au: "Zakayo alipanda mti. Neno la kwanza aliloambiwa na Yesu ni lipi? Ashuke. Tena upesi."

Mpwa wake alipomkumbusha ngazi ya Yakobo, iliyofika mpaka mbinguni, Mjomba alimhurumia kama mtu aliyesoma sana akapitwa na jambo. "Mama, soma vizuri. Waliokuwa wakipanda na kushuka ni malaika. Wana mbawa wale. Yakobo mwenyewe alikuwa wapi? Amelala chini. Na bado akabarikiwa."

Juma lile walikuwa wanapaka kanisa lao wenyewe, ndani. Askofu angekuja Jumapili kuliweka wakfu upya baada ya ukarabati. Shemeji alikuwa amekwisha kumaliza juu katika kuta tatu, na Mjomba akimfuata kwa chini. Ukabaki ukuta wa mbele tu, ule ulio nyuma ya mimbari, unaotazamwa na kila mtu.

Asubuhi ya kuuanza ukuta huo, Shemeji alivunjika mguu. Mtu aliyekwisha kupaka madari ya kumbi na mapaa ya maghala, aliyewahi kula chakula cha mchana ameketi juu ya bango, alivunjika kwenye kizingiti cha mlango wake mwenyewe. Alitoka na kikombe cha chai, akakanyaga ndala, ndala ikateleza, yeye akabaki. Chai haikumwagika hata tone. Jambo hilo alilisimulia kwa fahari mpaka kwa daktari.

Mjomba alipokwenda kumwona, mguu ulikuwa umeshavikwa plasta nyeupe mpaka gotini.

"Kizingiti?" aliuliza.

"Kizingiti."

"Si hakina hata urefu wa kiganja!"

"Ndiyo maana sikukitazama."

Habari hiyo ilimkaa Mjomba vibaya. Alitoka pale akitembea polepole, akiangalia kila anapokanyaga. Kisha, bila kumuaga mtu, akaenda kanisani peke yake akapaka nusu ya chini ya ukuta wa mbele. Aliipaka kwa ustadi mkubwa, ikang'aa mpaka ukaweza kujiona meno. Mchungaji, mpole wa watu mwenye miwani, alipita akasimama.

"Fundi, pamependeza. Na huko juu?"

Mjomba alinyanyua macho kidogo, kadiri shingo ilivyoona ni salama. "Huko juu, Mchungaji, bado tunapaombea."

Shemeji aliposikia, nusura ashuke kitandani kwa ule mguu. "Umeanza chini? Tangu lini ukuta ukaanzwa chini? Matone yote ya juu yatakuangukia hapo hapo kwenye kazi yako! Hata mtoto anajua, kwanza juu, ndiyo chini!"

"Nilitaka mkono usipoe."

"Ungeupasha kwenye chai! Sasa sikiliza. Kesho napanda mwenyewe."

"Na plasta hiyo?"

"Plasta ni nzito. Itanipa uzito nisiyumbe."

Walidhani ni mzaha. Lakini jioni Shemeji alionekana uani akijizoeza kupanda kreti ya soda kwa mguu mmoja na mkongojo, akianguka, akiinuka, akiipangusa plasta kama suruali ya harusi. Mke wa Mjomba alimtazama kupitia dirisha la jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa na ndugu wengi zamani. Aliyebaki ni huyo.

"Atapanda kweli," alisema. "Namjua. Na akipanda ataanguka."

"Nimekwisha kumwombea," alisema Mjomba kutoka mezani.

"Umemwombea nini?"

"Asianguke."

"Na Mungu akikujibu kwamba mtu wa kupanda yupo, ana miguu miwili mizima, amekaa hapo anatafuna, utasema hukusikia?"

Mjomba aliacha kutafuna. Mpwa wake akajifanya anatafuta chumvi.

"Mama nanii, kila mtu na karama yake," Mjomba alijitetea. "Mwingine amepewa juu, mwingine..."

"Haya. Na siku ile ya mwisho, tarumbeta ikilia, watakatifu wakinyakuliwa kwenda mawinguni, wewe utabaki hapa umeshika mguu wa meza?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mjomba alikosa aya. Akaondoka mezani, na chakula chake hakukimaliza.

Mpwa alimkuta uani, amesimama mbele ya ngazi zao mbili za mbao zilizoegemezwa ukutani. Alikuwa amekishika kipandio cha kwanza kama mtu anayempa mgonjwa pole.

"Unajua kinachonisumbua?" alisema. "Si ngazi. Ni kile kizingiti."

"Kizingiti kimefanya nini, Mjomba?"

"Shemeji kakaa juu miaka yote hakuvunjika ukucha. Kaja kuvunjikia chini. Chini kwangu! Mimi nimewaambia watu wamtumaini Mungu, na nilidhani namtumaini. Kumbe muda wote nilikuwa naitumaini sakafu." Akaikanyaga ardhi kwa kisigino. "Na sakafu yenyewe ndiyo hii, inaangusha watu na vikombe vyao."

Mpwa alizifikiria sakafu alizowahi kuzitumaini yeye mwenyewe, akamshika mkono.

"Kesho utanishikia ngazi," alisema Mjomba. "Usimwambie mtu. Nikishindwa, tutasema tulikwenda kufagia."

Siri haikufika asubuhi. Walipoingia kanisani, Shemeji alikuwa ameshaketi benchi la mbele, mguu wa plasta umelazwa kwenye mto wa kupigia magoti, mkongojo mkononi kama fimbo ya mwalimu. Mkewe Mjomba alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Mimbari ilifunikwa shuka kuukuu. Ngazi mbili zikasimamishwa mbele ya ukuta, na juu yake ukalazwa ubao mpana wa kusimamia.

"Ukishindwa niambie mapema," alisema Shemeji, "nipande kabla jua halijawa kali."

"Kaa na mguu wako," alisema Mjomba.

Alikanyaga kipandio cha kwanza, akafumba macho yote mawili. Mpwa wake alishtuka kuliko kama angeona damu.

"Bwana," Mjomba alianza, kwa sauti, kama anayezungumza na mtu wa ghorofa ya pili, "hapa bado nafikika."

Kipandio cha pili. "Bwana, wewe unajua mimi si mtu wa huku."

Cha tatu. "Mama, acha kuitikisa ngazi!"

"Siitikisi, Mjomba. Ni magoti yako."

"Basi yashike hayo!"

"Fumbua macho!" alipiga kelele Shemeji. "Unakwenda kushoto! Ngazi haina kushoto!"

"Bwana, kama ulikuwa na mpango wa kunichukua leo, usinichukue na ndoo. Watasema nilikuwa mlevi."

Kijasho kilimtiririka mpaka shingoni. Katikati ya safari alisimama akaimba ubeti wa wimbo, akakosea maneno, akaurudia. Mkewe aliuitikia kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo, na chupa ya chai ameikumbatia. Hatimaye tumbo la Mjomba likafika kwenye ubao, likafuatiwa na Mjomba mwenyewe, na akalala pale kifudifudi, kimya, kama kitambaa kilichoanikwa.

"Umefika," alisema mpwa.

"Nani amefika?"

"Wewe, Mjomba. Uko juu."

"Usiniambie. Nipe brashi."

Alianza kupaka akiwa amelala. Kisha akaketi, miguu ikining'inia. Baada ya muda mrefu, kwa amri za Shemeji na vitisho vyake vya kupanda na plasta, akasimama. Rangi ya maji ilimdondokea usoni, ikadondokea pia kazi yake mwenyewe ya jana, tone baada ya tone, na kila tone Shemeji alilihesabia kwa mkongojo: "Hilo! Hilo tena! Kwanza juu, ndiyo chini!" Mjomba alikwenda hatua kwa hatua juu ya ubao, akiongea na Mungu na ukuta kwa zamu, mpaka akaifikia pembe ya mwisho chini ya dari. Mkono wake ulitetemeka hapo, na rangi ikaacha mawimbi madogo. Yako hapo mpaka leo. Askofu alidhani ni urembo.

"Woga umekwisha, Mjomba?" aliuliza mpwa kutoka chini.

"Uishe uende wapi? Tumepanda nao. Yupo hapa, ameshika suruali yangu."

"Nani?"

"Woga! Ameshika suruali!"

Walicheka wote, hata yeye, mpaka ubao ukalia, na wakaacha kucheka mara moja.

Tatizo lilijitokeza baada ya hapo. Kazi ilikwisha, ndoo ikateremshwa kwa kamba, na Mjomba hakuteremka.

"Shuka sasa, chai ipo," alisema mkewe.

"Nakuja."

Hakuja. Alikuwa ameketi katikati ya ubao, mikono imeung'ang'ania pande zote mbili. Mpwa alipanda vipandio viwili kumtazama usoni, akaona ameganda.

"Mjomba, kuna nini?"

Alimnong'oneza, "Jana usiku niliomba nguvu ya kupanda. Niliomba vizuri, kwa machozi. Kushuka sikukugusia."

"Basi omba sasa."

"Nimeomba. Naambiwa nisubiri."

Wakati huo ndipo kwaya ya akina mama ilipoingia kwa mazoezi. Walimkuta mzee wao wa kanisa ameketi karibu na dari, madoa meupe uso mzima.

"Mzee, Bwana asifiwe! Unafanya nini huko?"

"Nakagua," alisema Mjomba.

Waliimba wimbo wa kwanza, anakagua. Wakaimba wa pili. Katika wa tatu alikuwa akiwasahihisha sauti ya pili, na kwaya ikakubali kwamba kutoka kule anasikia vizuri zaidi. Mchungaji alikuja, akapangusa miwani, akauliza kama fundi atakagua mpaka Jumapili, maana itabidi askofu ajulishwe. Kiongozi wa kwaya akashauri ziletwe blanketi zishikwe pembe, aruke. Mjomba alimwambia atangulie kuruka yeye.

Hakuna aliyemtazama Shemeji. Alikuwa ameinuka taratibu, akaegemeza mkongojo kwenye mimbari, akauweka mguu mzima kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi ya kulia. Kisha akaivuta plasta. Ikagonga mbao, *ko*.

Mjomba akageuka. "Wewe unafanya nini?"

"Nakufuata."

"Shuka!"

"Siwezi kukuacha huko peke yako, Shemeji. Hujazoea." *Ko*. Alikuwa kwenye kipandio cha pili, anayumba, mkono mmoja hewani ukitafuta pa kushika.

Mke wa Mjomba alipiga yowe, na chupa ya chai ikaanguka.

Waliokuwapo walibishana miaka mingi kuhusu kilichofuata. Wengine walisema Mjomba alishuka kwa mgongo, wengine kwa makalio. Mpwa, aliyekuwa karibu kuliko wote, aliona kwamba hakutazama ngazi hata kidogo. Alikuja kasi kupitia ngazi ya kushoto, akigomba njia nzima, "Toa plasta yako hapo! Mimi nimepanda ili wewe usipande, halafu unapanda! Una akili wewe? Ndugu yako analia pale! Toa!" Akatua, akazunguka, akamdaka Shemeji kiunoni, wakaanguka wote wawili juu ya shuka la mimbari, plasta ikiwa juu. Hakuna aliyeumia. Walilala pale wakishikana, wazee wawili, wamejaa rangi, wakitukanana kwa upole.

"Umeshuka," alisema Shemeji.

Mjomba aliangalia juu, kwenye ubao, kwa muda mrefu. "Ee Bwana," alisema. Halafu akaanza kutetemeka upya, na ikabidi apewe maji.

Baada ya hapo alipanda mara nyingine chache, alipolazimika, na kila mara kwa kelele zilezile. Hakuipenda ngazi hata siku moja, wala hakusimulia ushuhuda kanisani kwamba aliponywa woga. Alisema hilo lingekuwa uongo mbele ya mashahidi wawili, yaani Mungu na magoti yake. Mke wake alikuwa wa kwanza kufariki. Shemeji alipona mguu, akazeeka, akazidi kuwa mbishi.

Mwaka ambao Mjomba aliugua, asiamke tena kwenda kazini, mpwa alikuja kumuuguza. Kwa dirisha la chumba walimwona Shemeji uani, mvi kichwa kizima, anaipangusa ngazi vumbi. Alikuwa amesikia kwamba dari la kanisa limeanza kubambuka, na alisema si kazi ya kuwapa watoto. Mpwa alirekebisha mto, akafunga pazia ili mgonjwa asione. Mjomba alikuwa ameshaona. Alimvuta mpwa wake mkono mpaka sikio lake likawa karibu.

"Akianza maneno yake ya ngazi," alisema, "usibishane naye, mama. Panda wewe."